Unga wa Kwenye Nyufa

Chanika, dawa ya wadudu ya unga huingia nyumbani ikiwa imeongozana na mahindi. Mtu ana shamba Handeni au ndugu zake wako Songea. Mavuno yakiisha, magunia mawili matatu yanashushwa barabarani kutoka kwenye Fuso, yanafikishwa uani kwa toroli, na kabla hayajaingia stoo kijana anatumwa duka la pembejeo. Dawa inachanganywa, magunia yanashonwa, na paketi iliyobaki nusu inakunjwa mdomo na kusukumwa chini ya kitanda au juu ya kabati la vyombo. Miezi ikipita, mtu akiamshwa na kunguni usiku wa manane, mkono unajua pa kwenda.

Dawa hiyo ya mahindi tuliletewa na dumuzi, mdudu ambaye wakulima wengine walimpa jina la Skania. Asili yake ni Amerika ya Kati. Alionekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na popote alipofika aligeuza magunzi na punje kuwa vumbi ndani ya miezi michache. Dawa zilizokuwapo ziliua fukusi wa kawaida lakini yeye zilishindwa kumuua, ndipo ukaja mchanganyiko wa sumu mbili: pirimifosi-methili kwa ajili ya fukusi, na permethrini kwa ajili ya dumuzi. Kwa muda mrefu dawa iliyojulikana zaidi ya namna hiyo ilikuwa Actellic Super, gramu 100 kwa gunia la kilo 90 hadi 100. Ndani ya unga wake sumu yenyewe ni kidogo: sehemu 1.6 ya kwanza na sehemu 0.3 ya pili katika kila 100. Kilichobaki ni kibebeo tu. Viwanda hutumia udongo mkavu laini kwa kazi hiyo, kama talki au kaolini, aina ileile ya udongo mweupe uliolala kwenye vilima vya Pugu tunavyovipita kila tukienda mjini.

Naeleza haya kwa sababu watu wengi wanauogopa unga kidogo kuliko wanavyoiogopa dawa ya maji. Ya maji inanuka, ina bomba, ina mtu aliyevaa mabuti. Unga umekaa kimya, unafanana na ngano, unashikika kwa vidole. Lakini ulaini huohuo ndio unaoufanya uelee hewani feni ikiwashwa, uingie puani, ujipake kwenye shingo yenye jasho. Na dawa iliyopimwa kwa ajili ya gunia la mahindi haikupimwa kwa ajili ya shuka.

Hilo nililiona miaka ya nyuma, katika nyumba niliyokuwa nimepanga. Ilikuwa ya vyumba sita, mitatu huku na mitatu kule, ukumbi katikati, jiko na choo uani. Nje ilikuwa imepigwa lipu, ndani bado. Mwenye nyumba, mama mjane aliyeijenga kidogo kidogo kwa kuuza mihogo, alikuwa ameishia kwenye tofali, na kati ya tofali na tofali palikuwa na nyufa za kuingiza kadi ya simu. Kunguni walipofika, walifikia mahali walipotayarishiwa. Hatukujua waliingia na nani. Pengine ni kochi la mtumba, pengine begi la mgeni. Kila mpangaji alinyamaza kwa aibu na kupambana nao peke yake chumbani mwake, mlango umefungwa, na kila aliyewasumbua upande wake aliwasukuma upande wa pili kupitia ukutani.

Jirani wa chumba cha mwisho, mama wa watoto wawili, alinunua dawa kwa kijana wa spika. Kila mkazi wa Dar es Salaam anaijua sauti ile iliyorekodiwa, inayopita mtaani ikirudia dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni, dawa ya viroboto. Aliuziwa unga wa kijivu uliofungwa fundo kwenye nailoni, hauna jina, hauna maandishi. Akaona kunguni wanauma kitandani, basi dawa ikae kitandani. Aliumwaga juu ya godoro, akautandaza kwa kiganja, akaweka shuka, akafunga madirisha ili nguvu isitoke. Mchana ule mtoto wake mdogo alilala hapo.

Sauti ya mama ndiyo iliyotutoa vyumbani. Mtoto alikuwa anatoka mate mengi, jasho limemlowesha, ametapika, na nyama za mashavu zilikuwa zinachezacheza zenyewe. Mtu mmoja alikimbilia maziwa. Aliyemzuia ni mzee wa chumba cha mbele, bwana afya mstaafu, mtu ambaye mpaka siku ile sisi tulimjua kwa shikamoo na marahaba tu. Alisema asilishwe wala kunyweshwa kitu chochote, asitapishwe, avuliwe nguo zote, aoshwe kwa maji mengi na sabuni kuanzia nywele. Sisi tulioosha akatuambia tuvae mifuko mikononi. Kisha akamwambia mama, kwa sauti ya chini lakini ya kuamrisha, "Kachukue ule mfuko wa dawa, mwanangu. Usiende bila mfuko."

Kwenye zahanati swali la kwanza lilikuwa ni dawa gani. Mama akatoa fundo la nailoni. Tabibu aliligeuza, akalitazama mwangani kana kwamba angeona chochote, akaliweka kando. Akamfunua mtoto kope, akamulika tochi: mboni zilikuwa zimesinyaa zikawa kama ncha ya kalamu. Akasikiliza kifua. Kwa dalili hizo alijua anapambana na sumu ya kundi la ogano-fosfati, ile inayozuia mwili usizime ishara za neva, kwa hiyo tezi zinamwaga maji na misuli inatetemeka bila kupumzika. Alimpa atropini, akairudia mpaka kifua kikakauka, na gari likatafutwa la kumpeleka hospitali kubwa. Mtoto alipona. Lakini ule muda wa kubahatisha, muda ambao jina moja lililochapishwa kwenye karatasi lingeufupisha, sijausahau, na ndio unaonifanya niandike.

Jioni ya siku iliyofuata mzee alituita wapangaji wote ukumbini, na mama mwenye nyumba akaja na kigoda chake. Alitusimulia kazi yake ya zamani. Tauni ilizuka Lushoto mwaka 1980 na iliendelea kurudi kwa zaidi ya miaka 20. Yeye alikuwa kijana kazini, mmoja wa waliotumwa kwenye vijiji vya milimani na makopo ya unga wa kuua viroboto. Huko, alisema, mtu akianza kwa kuua panya amekosea, maana kiroboto huuacha mzoga uliopoa na kumtafuta mtu. Kiroboto afe kwanza. Basi unga ulitandazwa chini ya ukuta, kwenye njia ya panya, na mlangoni mwa tundu lake. Panya akipita anaubeba kwenye manyoya mpaka kiotani, na dawa inafanya kazi mahali ambapo mkono wa bwana afya usingefika.

Kisha akasema maneno ambayo tangu hapo ndiyo kipimo changu: "Godoro ni la mtu. Ufa ni wa mdudu. Dawa tunampelekea mwenyewe kwake."

Ukilifikiria hilo, mambo mengi yanajipanga. Kunguni anakula kitandani lakini haishi katikati ya kitanda. Mchana kutwa amejibana kwenye maungio ya chaga, kwenye tundu za skrubu, nyuma ya picha, ndani ya nyufa za ukuta, kwenye pindo za pazia. Mende naye yuko nyuma ya friji, chini ya karo, kwenye chemba ya choo. Hizo ni sehemu ambazo ngozi ya binadamu haigusi na chakula hakikai. Unga ukiwekwa hapo unamsubiri mdudu kwa wiki nyingi, kwa sababu permethrini haiharibiki upesi pasipo na jua na maji. Ukiwekwa juu ya godoro au katikati ya sakafu, anayekutana nao kila siku ni mtoto anayetambaa.

Mzee alikataa kata kata kutumia masalia ya dawa ya mahindi. Aliwatuma vijana wawili duka la pembejeo, akawapa maagizo: paketi ambayo haijafunguliwa, maandishi ya Kiswahili, jina la kiambata amilifu, namba ya usajili, tarehe ya mwisho wa matumizi, na maneno yanayosema wazi kwamba ni ya wadudu wa majumbani. Kazi ya kusajili viuatilifu nchini siku zile ilikuwa ya TPRI, taasisi ya utafiti iliyoko Ngaramtoni, Arusha. Tangu Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 ni ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA. Mtu akiniuliza leo anunue dawa gani, sitaji jina la kampuni. Namwambia asome paketi mbele ya muuzaji, na kama hakuna cha kusoma, airudishe.

Siku ya kuweka dawa ilikuwa Jumamosi, na sharti la mzee lilikuwa moja: vyumba vyote kwa pamoja, au tusianze. Mpangaji mmoja alibisha kwamba kwake hakuna kunguni. Mama mwenye nyumba akainuka, akaingia, akainua godoro lake, akabandua kipande cha sponji pembeni, na maneno yakaisha.

Asubuhi hakukuwa na dawa kabisa. Tulitoa vitu vyote uani. Nguo na shuka zilichemshwa kwenye sufuria za shughuli, maana kunguni na mayai yake hawastahimili joto la nyuzi 50 na zaidi, na maji yanayochemka yako mbali juu ya hapo. Vitanda vya mbao vilifunguliwa skrubu, na maji ya moto yakamiminwa kwenye kila tundu. Wale wa vitanda vya chuma waligeuza matendegu chini juu, wakashangaa kilichodondoka kutoka ndani ya bomba. Magodoro yalianikwa, ingawa mzee alituonya tusitegemee jua peke yake: juu panaungua lakini katikati ya sponji mdudu yuko salama, hivyo kila mshono ulipitiwa kwa brashi na maji ya moto. Watoto walipelekwa kwa jirani, kuku wakafungiwa mbali, ndoo za maji na vyombo vikafunikwa. Paka wa mama mwenye nyumba alitolewa pia, akakaa kwa jirani mpaka kesho yake. Watu wengi hawajui kwamba ini la paka haliwezi kuivunja permethrini kama la mbwa au la mtu, na paka akijilamba unga huo anaweza kufa.

Alasiri mzee alivaa shati la mikono mirefu, suruali ndani ya mabuti, glavu, barakoa, miwani. Feni ikazimwa. Mainswichi ikashushwa, kwa kuwa kunguni hupenda kukaa ndani ya maboksi ya swichi na unga hauchanganywi na umeme. Alikuwa na chupa ndogo ya plastiki ya kubinya, mdomo mwembamba, imeandikwa SUMU kwa rangi nyekundu pamoja na jina la dawa, na haikuwa imewahi kutumika kwa kitu kingine. Aliijaza theluthi moja tu, akaitikisa, ili juu pabaki hewa ya kusukuma. Kisha akaingiza mdomo wa chupa kwenye ufa kati ya tofali mbili na kubinya mara moja, polepole.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilisogea nione alichoweka, nikaona karibu si kitu: utando mwembamba kama vumbi linaloachwa juu ya meza iliyokaa siku mbili bila kufutwa. Nilimwuliza kama inatosha. Alinijibu kwamba ukiona lundo jeupe, umeshaharibu. Mende ana papasi ndefu. Akikuta lundo analihisi na kulizunguka, kama vile sisi tunavyozunguka dimbwi. Kunguni naye hapandi kilima cha unga. Utando mwembamba hawautambui. Wanaupita, chembe zinanasa miguuni na tumboni, sumu inapenya kwenye nta inayofunika mwili, na mishipa ya fahamu inashindwa kutulia mpaka mdudu anakufa. Unga mwingi unamfukuza mdudu kwenda chumba cha pili na kubaki kwa mwenye nyumba. Vyumba sita, jiko na choo, paketi haikufika nusu.

Baada ya saa kadhaa madirisha yalifunguliwa. Unga uliodondoka sakafuni ulifutwa kwa kitambaa kilicholowa, maana fagio kavu lingeurusha hewani upya. Mzee alioga kabla ya kugusa kikombe cha chai, na nguo zake alizifua mwenyewe, peke yake, kwenye beseni la pembeni. Paketi iliyobaki ilifungwa, ikaandikwa tarehe, ikaingia kwenye sanduku la bati lenye kufuli, na ufunguo ukakaa kwa mama mwenye nyumba.

Baada ya kama wiki mbili tulirudia kwenye nyufa, kwa kuwa unga hauui mayai na kwa joto la Dar es Salaam mayai huanguliwa ndani ya siku chache tu. Kisha mama mwenye nyumba, aliyekuwa amekaa kimya muda wote, akafanya jambo ambalo naamini lilizidi dawa zote: alikopa kwenye kikoba chake na kupiga lipu ndani, chumba baada ya chumba. Ufa ukizibwa hauhitaji sumu tena.

Nimesoma mengi tangu hapo, na naona unga umewahi kuwaokoa watu kwelikweli. Napoli, Italia, majira ya baridi ya 1943 kuingia 1944, homa ya chawa ilikuwa inaua. Zaidi ya watu milioni moja walipulizwa unga mikononi na shingoni mwa nguo zao bila hata kuvua, na ugonjwa ukakoma. Mwanzoni ulikuwa unga wenye sumu ya pareto, ua lilelile jeupe linalolimwa Mufindi na Mbeya, kisha ikaja DDT, ambayo Paul Müller aliigundua kuwa inaua wadudu mwaka 1939 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Pareto huvunjika upesi juani. DDT ilidumu, na watu wakadhani kudumu ni sifa tu, mpaka ikaonekana inadumu pia kwenye udongo, kwenye samaki, kwenye mafuta ya mwili. Permethrini, iliyotengenezwa na Michael Elliott na wenzake huko Rothamsted, Uingereza, mwaka 1973, ilikuwa jaribio la kupata kitu cha katikati: kinastahimili mwanga kuliko pareto lakini hakikai miongo.

Wadudu nao hawakukaa bure. Mwaka 2002 watafiti walichapisha walichokiona vijijini Muheza, Tanga: vyandarua vyenye dawa vilipoanza kutumika, kunguni walitoweka na watu wakafurahi, baada ya miaka kadhaa walirudi, na walipopimwa walikuwa sugu kwa pairethroidi, kundi la permethrini. Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba dawa haikufanya kazi na sasa ataongeza mara mbili, namwomba asiongeze. Mdudu sugu hadhuriki kwa nyongeza kama anavyodhurika mtoto. Abadilishe njia: maji ya moto, lipu, kitanda kisichogusa ukuta. Kuna hata unga usio na sumu ya neva, kama daiatomaiti inayochimbwa Kariandusi, Kenya, ambayo hufyonza nta ya mdudu mpaka akakauka; bibi zetu waliohifadhi kunde kwenye majivu walikuwa wanafanya kazi ya jamii hiyohiyo. Nao unataka barakoa, kwa sababu pafu halichagui vumbi.

Linalonisumbua zaidi sasa ni paketi tupu. Chanika wengi tunategemea visima, na takataka tunazitupa shimoni uani au kuzichoma. Moshi wa paketi ya dawa ni sumu, na shimo liko mita chache kutoka kisimani. Tunao mfano wa karibu, Vikuge, Kibaha, ambako shehena ya viuatilifu iliyoletwa kutoka Ugiriki mwaka 1986, vingine vikiwa vimeshapitwa na wakati, ilihifadhiwa kwenye banda ambalo baadaye lilianguka. Hata baada ya eneo kusafishwa, watafiti waliikuta DDT bado udongoni. Paketi zetu ni ndogo, lakini ni za kila nyumba na za kila msimu.

Nimelipeleka jambo hili kwenye mkutano wa mtaa: maduka ya pembejeo yanayotuuzia dawa yawe na pipa lenye mfuniko la kupokea paketi tupu na masalia yaliyokwisha muda, na vijana wa spika wazuiwe kuuza unga usio na jina. Hoja ya pili ilipigiwa makofi. Hoja ya kwanza ilizua swali la nani atalilipia gari la kuzichukua, na mwenyekiti ameahidi kuwaita wenye maduka wakae pamoja na bwana afya wa kata walijibu.